Jina Chini ya Picha

Msemo mmoja uliotoka ng'ambo umekaa katika ofisi za magazeti muda mrefu, hata umesahauliwa kuwa ni mgeni. Msemo huo ni kwamba picha moja yatosha kwa maneno elfu. Wahariri huutaja wanapotaka kuokoa nafasi. Wapiga picha huutaja wanapotaka kujisifu. Na wasomaji huutaja wanapotaka kupumzika. Kila mmoja ana faida yake katika msemo huu, isipokuwa mtu mmoja tu, naye ni yule aliyepigwa picha. Yeye ndiye mwenye uso. Kwa uso wake magazeti huuzwa, tuzo hutolewa, sadaka hukusanywa na machozi hutoka. Lakini katika hayo maneno elfu yanayodaiwa kusemwa na picha yake, mara nyingi hamna hata lile moja ambalo kila mwanadamu hupenda litangulie, yaani jina lake.

Ukweli ni kwamba picha haisemi, husemewa. Picha ni shahidi aliyeona lakini ni bubu, na bubu akiitwa mahakamani huhitaji mkalimani. Mkalimani wa picha ni maandishi yaliyo chini yake. Mkalimani akiwa mwaminifu, shahidi husadikiwa. Akiwa mvivu, shahidi hupotea. Akiwa mwongo, shahidi hugeuzwa mshirika wa uongo pasipo kujua. Kwa hiyo mpiga picha za habari asiyeuliza jina, mahali na sababu hakuifanya kazi yake nusu, kama wengi wanavyomhurumia. Ameiharibu yote, na mhariri aliyeipokea kazi hiyo amekuwa mwenziwe katika uharibifu.

Watetezi wa picha tupu hupenda kujikinga kwa methali isemayo kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni kweli kwa mtu aliyesimama mbele ya jambo lenyewe. Aliye sokoni huona, husikia, hunusa, na akiwa na shaka huuliza. Mtazamaji wa picha hana fursa hiyo. Amepewa kipande kidogo cha wakati kilichozungushiwa mipaka minne na mtu mwingine. Na mtu huyo ndiye aliyechagua asimame wapi, ainame kiasi gani, abonyeze lini, nani aingie na nani abaki nje. Macho ya mtazamaji ni yake, lakini dirisha si lake. Mwenye kumfungulia mwenzake dirisha moja tu la nyumba ana wajibu wa kumwambia nyumba hiyo ni ya nani.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni picha iliyopigwa Marekani mwezi wa Machi 1936. Bibi Dorothea Lange, aliyekuwa akipiga picha kwa ajili ya idara ya serikali iliyoshughulikia dhiki za wakulima, alipita Nipomo katika jimbo la California, akakuta kambi ya wachuma njegere ambao mavuno yao yaliharibiwa na baridi. Alimwona mwanamke ameketi hemani pamoja na watoto wake, akampiga picha chache kwa muda mfupi, akaenda zake. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kuwa hakumwuliza jina wala historia yake. Aliambiwa umri wake tu, kuwa ni miaka 32. Picha moja kati ya hizo, iliyokuja kuitwa Mama Mhamaji, imekuwa miongoni mwa picha mashuhuri kuliko zote za karne ya 20. Ilitiwa katika vitabu, ikatundikwa katika makumbusho, na mwaka 1998 ikachapwa katika stempu ya posta.

Kwa miaka 42 walimwengu waliujua uso, hawakulijua jina. Mwenyewe alipotokea hadharani mwaka 1978 ilidhihirika kuwa aliitwa Florence Owens Thompson. Ilidhihirika pia kwamba asili yake ilikuwa ya Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa kale wa Marekani, ilhali watazamaji kwa vizazi viwili walimhesabu kuwa Mzungu aliyefilisika. Maelezo kwamba jamaa hiyo ilikuwa imekwisha uza matairi ya gari ili ipate chakula yalikanushwa na jamaa wenyewe. Habari ya kambi ilipotoka gazetini, chakula kilipelekwa Nipomo. Lakini mama huyo na watoto wake walikuwa wamekwisha ondoka. Hakupata hata senti moja kutokana na picha ile, wala hakuficha uchungu wake kwa kufanywa alama ya umaskini machoni pa watu wasiomjua. Swali moja la adabu, la kumwuliza bibi yule jina lake, lingalifungua mlango wa kusahihisha mambo haya yote, na lingalichukua muda mfupi kuliko ule wa kupiga picha moja.

Hapo hutokea mtetezi akasema kwamba jina lingaliidhoofisha picha. Kwamba mama yule alikuwa akina mama wote wenye shida, na kumtaja Florence kungalimpunguza. Maneno haya yana sura ya falsafa, lakini ndani yake mna dharau. Mbona hakuna mhariri aliyewahi kulifuta jina la rais ili awe alama ya watawala wote? Mbona tajiri hapewi heshima hii ya kuwa matajiri wote? Heshima ya kupotezewa jina hutolewa kwa maskini, kwa mgonjwa, kwa mkimbizi na kwa maiti tu. Heshima isiyotakiwa na wenye uwezo ni ya kushukiwa.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba picha hupata nguvu kwa kukosa jina. Kinyume chake kilionekana miaka 32 kabla ya picha ya Nipomo, katika Kongo iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Wabelgiji. Tarehe 14 Mei 1904 mtu mmoja alifika katika misheni ya Baringa amechukua furushi lililofungwa kwa majani. Furushi lilipofunguliwa mbele ya Bibi Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa na kamera, mlikuwa na mkono na mguu wa mtoto. Mtu yule alikuwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Viungo vile vilikuwa vya binti yake Boali, mwenye umri wa miaka 5 hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR. Bibi Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi barazani, akivitazama viungo vya mtoto wake.

Mambo hayo yajulikana leo, baada ya miaka zaidi ya 120, kwa sababu yaliandikwa siku zile zile. Na aipime msomaji picha ile bila maandishi yake. Ataona mtu ameketi ukingoni mwa baraza, akiangalia vitu viwili vidogo vilivyo sakafuni. Haoni silaha, haoni damu, haoni mlinzi wala gunia la mpira. Mtu wa London au Boston angaliweza kuipita picha hiyo akidhani ni ya mtu anayepumzika. Tena wakubwa wa Kongo walikuwa na majibu tayari kwa kila lawama: kwamba habari hizo ni uzushi wa mahasimu, kwamba mkono fulani ulikatwa na mnyama wa porini, kwamba wenyeji hukatana wenyewe kwa wenyewe. Majibu hayo yangaliweza kuizamisha picha tupu. Hayakuweza kuizamisha picha yenye Nsala, yenye Wala, yenye Boali na yenye ABIR. Majina hayo manne yalikuwa misumari iliyoigongomea picha katika ukweli, isipeperushwe na upepo wa kukana. Bibi Harris na mumewe waliizungusha picha hiyo pamoja na nyingine katika mikutano ya Uingereza na Marekani, wakizitupa ukutani kwa taa na kuzisimulia moja moja. Pamoja na taarifa ya Roger Casement na maandishi ya E. D. Morel, kazi hiyo iliamsha dhamiri za watu hata mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachilia Kongo, ikatwaliwa na serikali ya Ubelgiji. Utawala uliofuata ulikuwa na maovu yake. Lakini mfalme aliyejiona hashtakiki alishtakiwa, na mshtaki wake mmoja alikuwa baba aliyetajwa kwa jina.

Kama ndivyo nguvu ya jina ilivyo, yafaa kuuliza desturi ya kuliacha ilitoka wapi. Haikuanza katika magazeti. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Unguja, kama ile ya A. C. Gomes, zilipiga picha zilizouzwa kwa wasafiri wa meli, na nyingine zikawa kadi za posta zilizokwenda pembe zote za dunia. Sultani akipigwa picha aliandikwa jina lake na cheo chake. Mwanamke wa mji akipigwa picha aliandikwa kuwa ni mwanamke wa Kiswahili; mchukuzi aliandikwa kuwa ni mchukuzi. Leso yake ilionekana, kipini chake kilionekana, ususi wa nywele zake ulionekana, mwenyewe hakuonekana. Bila shaka mtu huyo alikuwa na jina, na jina la baba yake na la babu yake, na mtaa uliomjua akipita. Lakini mnunuzi wa kadi alifundishwa, pasipo kuambiwa, kuwa duniani mna watu wa namna mbili: watu wenye majina na watu wenye aina.

Kadi zile sasa ni mali ya makumbusho na ya wakusanyaji, lakini desturi yake haikufa pamoja na meli zile. Msomaji na afungue gazeti lenye picha ya mgeni wa heshima aliyezuru hospitali au kambi ya wakimbizi. Chini ya picha ataona jina la mgeni, cheo chake, na pengine jina la aliyesimama kulia kwake na la aliyesimama kushoto. Kisha atasoma kuwa mgeni huyo alikuwa akimjulia hali mgonjwa. Mgonjwa gani? Alikuwapo kitandani. Hakuwa na haraka wala pa kukimbilia. Aliulizwa hali na mgeni, lakini hakuna aliyemwuliza jina. Mgeni ambaye sura yake yajulikana na kila mtu ameandikwa jina. Mgonjwa asiyejulikana na mtu ameachwa bila jina. Ikiwa maandishi huwekwa ili kufahamisha, basi hapo yamewekwa kinyume. Na ikiwa huwekwa ili kuheshimu, basi yameonyesha wazi ni nani anayehesabiwa kuwa mtu.

Wahenga walisema kuwa asiyekujua hakuthamini. Ubaya wa kutojua haukomi katika kukosa heshima. Ukipelekwa mahali pa msiba huzaa uongo.

Mwezi wa Machi 1993 mpiga picha wa Afrika Kusini, Kevin Carter, alikuwa Ayod, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, wakati wa njaa na vita. Alipiga picha ya mtoto mdogo aliyeinama mpaka paji la uso likakaribia ardhi, na nyuma yake tumbusi ametua akingoja. Gazeti la New York Times liliichapisha tarehe 26 Machi. Wasomaji wengi waliandika na kupiga simu wakiuliza mtoto yule alikuwaje, hata tarehe 30 Machi gazeti likalazimika kutoa maelezo: kwamba mtoto alipata nguvu ya kuendelea na safari baada ya ndege kufukuzwa, na kwamba haikujulikana kama alifika katika kituo cha chakula. Mwaka uliofuata picha ilipewa tuzo ya Pulitzer, na mwezi wa Julai mwaka huo huo Carter alijiua.

Haifai kumhukumu marehemu, ambaye alikuwa amekwisha ona mauaji mengi katika nchi yake mwenyewe; wala si haki kudai kuwa picha moja ndiyo iliyomwua. Lawama iliyo kubwa ni ya meza ya mhariri. Meza hiyo ilipokea uso wa mtoto bila jina, bila wazazi, bila mwanzo wala mwisho, ikaona hakuna kilichopungua. Ikatambua upungufu pale tu wasomaji, ambao hawakuwa na ujuzi wa kazi hiyo, walipouliza swali ambalo wenye ujuzi hawakuuliza. Mwaka 2011 gazeti la Kihispania El Mundo lilieleza kuwa mwandishi wake alikwenda Ayod akamtafuta mtoto yule. Mtoto aliyedhaniwa kuwa wa kike alikuwa wa kiume. Kwa maneno ya baba yake aliitwa Kong Nyong, aliipita njaa ile salama, na akafariki kwa homa miaka mingi baadaye. Tena mkononi mwake, katika picha ile ile, mlikuwa na bangili ya plastiki, alama ya kuwa alikuwa amekwisha andikishwa kupewa chakula. Bangili hiyo ilionekana na kila mwenye macho, wala hakuna aliyeambiwa aitazame. Basi kwa miaka 18 walimwengu walimlilia msichana ambaye hakuwako, kwa kifo ambacho hakikutokea. Hayo ndiyo maneno elfu ya picha iliyoachwa iseme peke yake.

Hoja hii isichukuliwe kuwa ni uadui juu ya wapiga picha. Afrika Mashariki yenyewe ilimtoa mmoja wa mashujaa wa kazi hiyo, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanzisha kampuni yake ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963. Oktoba 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na filamu waliyorudi nayo, iliyoonyeshwa tarehe 23 mwezi huo, iliitikisa dunia. Misaada ilimiminika na watu wengi waliokolewa. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono mmoja katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini. Na mwaka 1996 akafariki katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Hapana insafu katika hoja isiyoukiri wema wa mtu kama huyo.

Lakini ni filamu hiyo hiyo inayoonyesha haja ya maneno, kwa kuwa ilisafiri pamoja na sauti ya Buerk, mtangazaji aliyetaja mahali na kueleza yaliyotukia. Filamu na picha nyingine za njaa ile zilizoizunguka dunia baadaye, zikiwa zimekatwa maneno yake, zilibaki na matumbo na macho. Picha ya njaa huonyesha tumbo, haionyeshi ghala. Huonyesha aliyeanguka, haimwonyeshi aliyefunga njia. Haikuonekana katika picha hizo vita iliyokuwa ikipiganwa kaskazini ya Ethiopia, wala serikali ya Derg iliyokuwa ikipigana vita hiyo. Mtazamaji alidhani mvua peke yake ndiyo iliyokosa. Miongoni mwa nyuso za msiba huo ulikuwamo uso wa mtoto wa kike aliyedhaniwa yu katika kukata roho, uliochukuliwa na watangazaji wa Kanada na kuonyeshwa katika tamasha kubwa la Live Aid mwezi wa Julai 1985. Mtoto yule alipona. Jina lake ni Birhan Woldu, na mwaka 2005 alisimama jukwaani London mbele ya umati mkubwa. Alipokuwa hana jina alikuwa njaa. Alipopata jina akawa mtu aliyeiona njaa akaishinda.

Baki ya upinzani ni mawili, nayo yastahili kujibiwa kwa uangalifu. La kwanza ni kwamba kazi ya habari haina nafasi ya maswali: risasi zikilia, nani atatoa daftari? Jibu la swali hili lilitolewa Soweto tarehe 16 Juni 1976. Sam Nzima wa gazeti la The World alipiga picha sita za kijana anayekimbia amembeba mtoto aliyepigwa risasi na polisi, na dada wa mtoto akikimbia kando. Pale pale alikuwapo Sophie Tema, mwandishi wa gazeti lile lile. Na gari lao ndilo lililomchukua mtoto hadi zahanati. Nzima aliificha filamu katika soksi yake isitwaliwe na polisi. Kwa nini leo yajulikana kuwa aliyebebwa ni Hector Pieterson wa miaka 12, aliyembeba ni Mbuyisa Makhubo, na aliyekimbia kando ni Antoinette, dada yake Hector? Kwa sababu mwenye kamera hakuwa mbali na mwenye kalamu, na wote wawili hawakuwa mbali na msiba. Ikiwa majina yaliweza kupatikana katikati ya risasi na moshi, wanaoyakosa hospitalini na katika foleni ya mahindi wana udhuru gani?

Upinzani wa pili una uzito zaidi. Husemwa kwamba jina linaweza kumdhuru mwenyewe: mwanamke aliyedhulumiwa mwili wake, mtoto, mtoro anayewindwa na serikali. Hilo ni kweli, na mifano yake i hapo hapo Soweto. Nzima mwenyewe alisumbuliwa na polisi hata akauacha mji akarudi kijijini, na Makhubo akalazimika kuikimbia nchi. Kwa hiyo mna wakati ambapo jina halifai kuchapwa. Lakini kulificha jina na kutoliuliza si jambo moja. Anayelificha analo, amelipokea kama amana, ameliandika mahali pa siri, na siku ya amani atalitoa. Asiyeuliza hana cha kuficha. Akijisifu kuwa amemlinda mtu, ni kama mlinzi wa ghala tupu anayejisifu kuwa hakuna kilichoibwa. Tena mwenye kuombwa jina hupata nafasi ya kulikataa. Asiyeombwa hana hata uhuru huo. Amechukuliwa uso wake kama embe la njiani.

Katika jambo hili ndimo ulimo ufundi wa kusimulia kwa picha, ambao wengi hudhani ni mwanga, kivuli na pembe ya kusimamia. Hizo ni herufi tu. Ufundi ni kukaa na mtu mpaka picha zikapata mwanzo, kati na mwisho. Mwaka 1951 W. Eugene Smith, mpiga picha wa jarida la Life la Marekani, alikaa majuma kadhaa huko South Carolina akimfuata Bibi Maude Callen, muuguzi na mkunga Mweusi aliyewahudumia maskini wa mashambani. Jarida lilizitoa picha hizo tarehe 3 Desemba pamoja na maelezo yake. Msomaji alimwona akizalisha, akiwafundisha wakunga wengine, akiwatibu watoto katika vibanda; alimwona mwenye nguvu na alimwona amechoka. Hakuna picha moja kati ya hizo iliyolazimishwa kubeba mzigo wote, kwa kuwa kila moja ilisaidiwa na ndugu zake, na zote zilisaidiwa na maandishi. Matokeo yake hayakuwa machozi tu. Wasomaji walipeleka fedha wakijua zinakwenda kwa nani na kwa kazi gani, na mwaka 1953 zahanati yenye jina la Maude Callen ilifunguliwa Pineville. Ni vema kulinganisha. Chakula cha Nipomo kilimkosa mama mwenye uso. Fedha za Pineville zilimfika mwenye jina.

Ikiwa hoja hizi zilikuwa na nguvu zamani, leo zimekuwa za lazima. Zamani mtu aliweza kusema kuwa picha, hata ikikosa jina, yathibitisha angalau kwamba mtu huyo aliwahi kusimama mbele ya kamera. Kinga hiyo imevunjika. Mwezi wa Aprili 2023 msanii wa Ujerumani, Boris Eldagsen, alikataa tuzo aliyopewa katika mashindano ya picha ya Sony, akatangaza kuwa picha aliyoishinda nayo haikupigwa na kamera bali iliundwa na mashine ya akili mnemba. Nyuso zilizokuwamo hazikuwa za mtu yeyote. Waamuzi walikuwa na macho, tena macho yaliyofunzwa. Mashine hizo zaweza kuumba mkimbizi asiyekimbia popote na yatima asiyezaliwa na mtu, kwa uzuri wa mwanga unaowashinda mafundi. Jambo moja haziwezi: haziwezi kumpa uso huo jirani atakayesema, "Namjua, ni fulani bin fulani, nyumba yake ni ile." Uongo waweza kubuni jina, lakini jina huweza kufuatwa. Mwenye shaka aweza kupanda basi, akafika kijijini, akaita. Uso usio na jina hauitiki.

Basi wenye magazeti wana la kuchagua. Waweza kuendelea kukusanya nyuso kama wasafiri wa meli walivyokusanya kadi, nao watahesabiwa pamoja na mashine, maana watakuwa wameacha kitu pekee kilichowatofautisha nazo. Au waweza kuweka sharti jepesi: kwamba picha ya mtu isipokelewe mezani mpaka ije na jina lake, mahali, siku na sababu, na ikiwa jina halifai kuchapwa, mpiga picha aseme mbele ya mhariri kwa nini analificha na amelihifadhi wapi. Sharti hilo halitagharimu fedha. Litagharimu kuinama, kusalimu, kuuliza na kungoja jibu, mambo ambayo kila mtoto aliyelelewa vema hufundishwa kabla hajafundishwa kusoma. Picha moja na idai maneno elfu ikipenda. Lakini la kwanza katika elfu hayo na liwe jina la mwenye uso.